Mapafu Huamka Mwisho



Nianze na mkoromo. Mtu akikoroma nyumbani, wenye nyumba hunung'unika kidogo, huvuta shuka na kulala. Mimi nikisikia mkoromo katika chumba cha kuzindukia farasi, nasimama. Upasuaji umekwisha, mpasuaji ameshavua glavu na anauliza chai iko wapi, farasi wa kilo 500 amelazwa ubavu juu ya godoro nene, na puani mwake inatoka sauti ya msumeno uliokutana na fundo la gogo. Sauti hiyo ina maana moja: njia ya hewa imebaki ufa. Ikikatika ghafla huku kifua bado kinapanda na kushuka, basi hata ufa umeziba, na mnyama huyo hana mlango mwingine.

Hana, kwa sababu farasi hapumui kwa mdomo. Wewe ukishikwa na mafua unafungua kinywa na maisha yanaendelea. Kaakaa laini la farasi ni refu mno. Linashuka mpaka chini ya kidakatonge na kulizunguka zoloto, hata kinywa na njia ya hewa vikawa kama vyumba viwili vilivyojengewa ukuta katikati. Malishoni mpangilio huo una faida: anatafuna majani kwa utulivu huku pua ikiendelea kunusa upepo kama kuna mnyama mkali. Mezani kwetu ni balaa. Farasi aliyelazwa chali kwa saa mbili, kichwa kikiwa chini kuliko moyo, damu humtuama kichwani, na utando wa ndani ya pua, ambao ni sifongo la vishipa vyembamba, hujaa na kuvimba. Wakati wa upasuaji wenyewe hatuoni madhara, kwa kuwa bomba la kupumulia limepita mdomoni, likavuka zoloto, likaishia ndani ya koo la hewa. Pua imerukwa. Deni la pua hudaiwa siku bomba linapotolewa.

Nilikuwa kijana, nimetoka masomoni juzi, wakati mkubwa wangu wa zamu aliponiambia: "Ameshameza mara mbili huyo, toa bomba." Nikatoa. Farasi alikoroma kwa pumzi kama kumi, kisha kimya. Kifua kilikuwa kinavuta kwa nguvu zote, mbavu zikijichora ngozini, na mkono wangu mbele ya tundu za pua haukuhisi kitu. Kifua kinapovuta hivyo bila hewa kuingia, mvuto ule hauendi bure: hufyonza maji kutoka kwenye mishipa ya damu na kuyaingiza ndani ya vifuko vya hewa vya mapafu. Tulipofanikiwa kupenyeza bomba jembamba kwa njia ya pua, lilitoka povu lenye rangi ya waridi. Alipona, kwa oksijeni na dawa ya kutoa maji mwilini na usiku mzima wa kukesha. Tangu siku hiyo sina haraka na mabomba.

Wako wenzangu wanaoliondoa mara farasi anapomeza, kama ilivyoandikwa katika vitabu vingi, na hoja yao ni nzuri: akilitafuna anaweza kulikata, na akisimama nalo anaweza kuchubua zoloto. Mimi huliacha mpaka amesimama, nimelifunga vizuri kwenye taya, kipande cha kuzuia meno kikiwa mahali pake. Au hulitoa la mdomoni na kuingiza jembamba puani kabla hajaanza kucheza na ulimi. Matone ya fenilefrini katika kila tundu, nusu saa hivi kabla ya kumwamsha, hubana vishipa na kupunguza uvimbe. Dawa rahisi, kazi kubwa. Na rahisi kuliko yote ni kitu kisichouzwa duka lolote la dawa: kuinua kichwa chake kidogo pale mezani tangu mwanzo.

Sasa nirudi nyuma kidogo, maana baadhi yenu mnajiuliza kwa nini mtu mzima anazungumzia kuzinduka kwa farasi kana kwamba ni vita. Mwaka 2002, nchini Uingereza, Johnston, Polly Taylor na wenzao walichapisha matokeo ya uchunguzi wa farasi 41,824 waliopewa nusukaputi. Waliokufa ndani ya siku saba walikuwa asilimia 1.9. Ukiwaondoa wale waliopasuliwa kwa msokoto wa tumbo, ambao wengi huja wakiwa mahututi tayari, inabaki asilimia 0.9. Inaonekana ndogo. Iweke kando ya mbwa: uchunguzi mkubwa wa huko huko Uingereza, wa mwaka 2008, ulipata asilimia 0.17. Yaani farasi, ambaye mara nyingi ni kijana, mwanariadha, mwenye moyo ambao mbwa angeuonea wivu, alikuwa na hatari mara tano. Uchunguzi wa nne katika mfululizo ule ule, ambao matokeo yake ya awali yalitoka mwaka 2021, ulihesabu nusukaputi 6,701: vifo asilimia 0.6 kwa wasio na msokoto, 3.4 kwa wenye msokoto. Pamekuwa na nafuu. Bado ni mbali.

Na wanakufa lini? Katika ule wa 2002, kwa farasi wasio na msokoto, theluthi moja ya vifo ilitokana na moyo kusimama au mzunguko wa damu kuporomoka. Robo nzima ilikuwa mifupa iliyovunjika, na mfupa hauvunjiki mezani. Unavunjika farasi anapojaribu kuinuka. Asilimia 7 hivi ilikuwa misuli iliyoharibika kwa kulaliwa na mwili wenyewe. Nawaambia ukweli mapema ili msije mkanikamata baadaye: kukosa hewa peke yake hakukuongoza orodha hiyo. Farasi mwenye moyo unaosukuma vizuri na damu nzito hustahimili oksijeni ndogo kwa muda kuliko tunavyodhani. Lakini misuli iliyolaliwa, ambayo damu inaifikia kwa taabu, haihitaji damu hiyo ije ikiwa tupu. Moyo unaoyumba hauhitaji pia. Oksijeni ndogo ni mshirika. Huwa haigongi mlango wa mbele, inawafungulia wenzake wa nyuma.

Twende ndani ya kifua.

Farasi aliyesimama ana mapafu yaliyokaa juu na tumbo lililoning'inia chini. Kiwambo kinachotenganisha viwili hivyo hakikusimama wima. Kimelala mshazari, kirefu, kutoka mgongoni nyuma hadi kifuani mbele. Nyuma yake kuna utumbo mpana na sekamu, ambavyo kwa pamoja vinaweza kubeba zaidi ya lita 100 za majani, maji na gesi. Mgeuze chali. Shehena yote hiyo sasa imekaa juu ya kiwambo, na kiwambo juu ya mapafu. Hewa inayobaki mapafuni mwishoni mwa kila pumzi, ambayo farasi wa kilo 500 akiwa amesimama ni lita 20 na ushei, inapungua hadi nusu hivi. Sehemu za chini za mapafu hujikunja zikafungana kama puto lililokanyagwa.

Huko Sweden, Görel Nyman, Göran Hedenstierna na wenzao waliwaingiza farasi wadogo, wale wa poni, katika mashine ya CT, kwa kuwa kifua cha farasi mkubwa hakingeenea, wakaona jambo hilo kwa macho: ndani ya muda mfupi wa usingizi, sehemu ya chini ya mapafu ilikuwa imeziba, picha ikawa nyeupe mahali ilipopaswa kuwa nyeusi. Damu, kwa uzito wake na kwa maumbile ya mishipa, inaendelea kupita huko huko. Inapita kwenye soko lililofungwa. Inarudi moyoni kama ilivyokuja, inachanganyika na ile iliyopata oksijeni, na mchanganyiko wote unadhoofika.

Kinachonisumbua hapa ni kwamba farasi akizinduka, hiyo sehemu iliyofungana haizinduki naye. Masikio yanacheza, jicho linazunguka, miguu inapiga godoro, na mapafu bado yamelala. Huwa ya mwisho kuamka, na mara nyingi hayaamki mpaka mwenyewe ajigeuze alalie kifua au asimame. Kwa hiyo tunapochomoa mashine kwa sababu "farasi ameanza kuamka," tunakuwa tumeuliza kiungo kisichohusika.

Sasa namba inayodanganya. Naomba uvumilivu wenu. Ni hesabu ya shule ya sekondari.

Tunapima oksijeni katika damu ya ateri kwa milimita za zebaki. Farasi mzima aliyesimama usawa wa bahari ana 90 hadi 100. Tukishuka chini ya 60 tunasema damu ina upungufu, na hatukuichagua 60 kwa kupenda: mpaka hapo chembe nyekundu zinabeba karibu asilimia 90 ya mzigo wake, lakini chini ya hapo mteremko unakuwa mkali, kila hatua ndogo ni hasara kubwa. Mezani farasi anavuta karibu oksijeni tupu. Mapafu mazima yangempa zaidi ya 500. Mara kwa mara kipimo kinarudi kutoka maabara kikisema 110, na mtu anasema, "Safi, iko juu kuliko kawaida." Si safi hata kidogo. Mapafu yanayotoa 110 kutokana na oksijeni tupu ni mapafu yaliyofilisika yanayoishi kwa mkopo. Mwondolee mkopo, mrudishe kwenye hewa ya kawaida yenye asilimia 21, na ndani ya dakika chache utaona 50 na kitu.

Tuhesabu ili tusibishane. Usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni 760. Toa 47 za mvuke wa maji ulio ndani ya njia ya hewa: 713. Asilimia 21 ya hizo ni 150. Farasi anayezinduka hupumua polepole, hewa ukaa imejikusanya. Tuseme ni 50 badala ya 40. Hewa ukaa inakalia nafasi ndani ya vifuko vya mapafu, na kwa kanuni tunayoitumia tunaigawa kwa 0.8, tunapata 62. Ondoa 62 kutoka 150, inabaki 88. Hiyo ndiyo oksijeni iliyomo ndani ya kifuko chenyewe kabla damu haijafika. Mapafu yangekuwa hayana kasoro yoyote, damu isingeweza kuvuka 88. Na yetu yana kasoro.

Hiyo ni Mombasa. Nairobi, zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, mgandamizo wa hewa ni kama 620. Toa 47, zidisha kwa asilimia 21, unapata 120. Toa zile 62. Inabaki 58.

Hamsini na nane, mabwana. Farasi wa mbio aliyefanyiwa upasuaji Nairobi, akazinduka kwa kupumua hewa ya Nairobi na hewa ukaa ya 50, ana upungufu hata akiwa na mapafu ya malaika. Vitabu tunavyosomea vimeandikwa na watu wanaofanya kazi karibu na usawa wa bahari, na wakati wanapoandika kwamba oksijeni ya kuzindukia ni jambo la "kufikiriwa", wanafikiri juu ya 88. Sisi wa nyanda za juu hatuna cha kufikiri.

Kiasi gani, basi? Hapa ndipo watu wanapobana matumizi mahali pasipofaa. Utakuta mrija mwembamba umeingizwa puani, umefungwa kwenye mtungi, na geji inasoma lita 5 kwa dakika, kwa sababu lita 5 ndizo walizoziona katika wodi ya binadamu. Farasi wa kilo 500 aliyetulia anavuta takriban lita 60 za hewa kila dakika. Lita 5 ndani ya 60 ni chumvi ndani ya kisima. Kazi za tangu miaka ya 1980 zimeonyesha kwamba kwa farasi mzima lita 15 kwa dakika ndizo zinazoanza kuinua oksijeni ya damu kwa maana. Kwa hesabu ya haraka, 15 kati ya 60 ingekupa hewa yenye oksijeni asilimia 40, lakini farasi huvuta kwa kasi kuliko mrija unavyotoa, hivyo tuchukue 35. Rudisheni namba hiyo Nairobi: 573 mara asilimia 35 ni 200; toa 62, inabaki 138. Kutoka 58 hadi 138, kwa mrija wa plastiki! Mrija wenyewe uingie ndani, hadi nyuma kabisa ya pua au ndani ya bomba la koo la hewa. Ukiishia mlangoni mwa tundu la pua, unawapa oksijeni wanaosimama karibu.

Sehemu ya damu inayopita kwenye mapafu yaliyofungana haitanufaika hata ukitoa lita 100, maana hewa haifiki huko. Kwa hiyo oksijeni ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kufungua mapafu, au walau kutoyafunga zaidi.

Ulalo kwanza. Kama farasi alifanyiwa upasuaji akiwa amelalia ubavu wa kushoto, mzindue hapo hapo. Kumgeuza ni kuchukua pafu zuri lililokuwa juu na kuliweka chini ya mzigo, huku lile lililokwisha kufungana likipanda juu bila uwezo wa kufanya kazi. Nimeona namba zikianguka dakika mbili baada ya winchi kumgeuza. Kama alikuwa chali, wengi tunapendelea kumlaza ubavu wa kushoto, kwa kuwa pafu la kulia ni kubwa kidogo na linabaki juu. Na akianza kuinua shingo, akakunja miguu ya mbele akalalia kifua, mwacheni hapo. Msimpigie makofi asimame. Akilalia kifua mapafu yote mawili yanapata nafasi; uchunguzi wa mwishoni mwa miaka ya 1980 ulionyesha oksijeni ikipanda kwa ulalo huo tu. Farasi mwenye busara hukaa hapo dakika kumi akiangalia ukuta. Wako wasio na busara.

Pumzi zenyewe, pili. Mashine ya kupumulia ikimpumulisha kwa nguvu hadi mwisho, hewa ukaa inaoshwa yote, na ubongo wa farasi unakosa sababu ya kuvuta pumzi. Unachomoa mashine, na mnyama analala pale kama mtu aliyesahau jambo. Dakika za mwisho za upasuaji punguza idadi ya pumzi, acha hewa ukaa ipande taratibu, mpaka avute mwenyewe. Wakati wa kumsafirisha kutoka mezani tunatumia vali inayofunguka kwa pumzi, iliyounganishwa na mtungi wenye nguvu. Unabonyeza, kifua kinapanda, unaachia. Angalizo moja kwa wenye mikono ya haraka: vali hiyo inambana wakati wa kutoa pumzi, hivyo ichomoe kila baada ya pumzi kama farasi anapumua mwenyewe.

Dawa na mitambo mingine nitapita haraka. Salbutamoli ya kuvuta, ile ile ya pampu ya pumu, ilionyeshwa mwaka 2002 na Robertson na Bailey kuinua oksijeni kwa farasi waliopungukiwa wakiwa usingizini: mikrogramu 2 kwa kila kilo, maana yake mibonyezo 10 ya pampu ya kawaida kwa farasi wa kilo 500, ikipulizwa ndani ya bomba anapovuta pumzi. Wengine hutoka jasho na moyo huenda mbio, na wapo ambao haiwasaidii kitu. Wanasweden wamefanya kazi nzuri kwa gesi ya nitriki oksaidi inayotolewa kwa mipulizo mifupi mwanzoni mwa pumzi, ili ifike kwenye vifuko vilivyo wazi tu na kuivutia damu huko. Manufaa yake huendelea hata wakati wa kuzinduka. Ni elimu safi sana. Ni ghali pia, na sitegemei kuiona Arusha kabla sijastaafu. Kuyafungua mapafu kwa mgandamizo mkubwa wa mashine kunafanya kazi pia, ila shinikizo la damu hushuka wakati huo huo, na ukiacha mgandamizo yanarudi kujifunga. Zaidi ya hayo, oksijeni tupu yenyewe ina lawama: kifuko kilichojaa oksijeni pekee, njia yake ikiziba, hufyonzwa chote na damu na kusinyaa. Nyman na wenzake walionyesha hilo pia. Ndiyo maana wako wanaochanganya oksijeni na hewa wakati wa upasuaji. Mimi bado sijajiunga nao kikamilifu. Nikiwa na mashine mbovu na farasi mnene, naona heri mkopo kuliko ufukara.

Mtaniuliza, kwa nini tusimwamshe upesi akasimama, mapafu yakafunguka, tukaenda nyumbani? Jibu lake liko Belmont Park, New York. Tarehe 6 Julai 1975, farasi jike aitwaye Ruffian, ambaye hakuwa ameshindwa mbio hata moja, alishindanishwa na Foolish Pleasure, na katikati ya mbio mguu wake wa mbele wa kulia ukavunjika. Alifanyiwa upasuaji usiku ule. Alipozinduka, alianza kukimbia akiwa amelala ubavu, kana kwamba mbio hazijaisha, akauharibu upya mguu uliokuwa umetiwa plasta. Ilibidi auawe kwa huruma. Farasi ni mnyama wa kukimbia. Akiamka hajui yuko wapi, jambo la kwanza mwili unalomwamuru ni kuinuka, na miguu yenye isoflureni, gesi ya usingizi, ndani yake haimbebi.

Kwa ajili hiyo tunampa kiasi kidogo cha dawa ya kutuliza, zailazini au romifidini, mara anapoingia chumba cha kuzindukia, ili alale kwa muda zaidi na gesi itoke. Mnaona mgongano. Kwa ajili ya miguu, alale. Kwa ajili ya mapafu, ainuke. Dawa yenyewe inapunguza pumzi na, ikilegeza kaakaa na pua, inabana ule ufa wa mwanzo. Sijui mtu aliyeumaliza mgongano huo. Tunaupatanisha kwa mrija wa lita 15: kama unamwomba farasi abaki amelala kwa ajili ya miguu yake, ulipie ukodi wa mapafu yake.

Hata bwawa la kuzindukia lina ukodi. Huko New Bolton Center, Pennsylvania, farasi mwenye mguu uliounganishwa huteremshwa bwawani akiwa ndani ya boya la mpira lenye soksi nne za miguu, azinduke akielea, apige mateke maji badala ya ukuta. Barbaro, mshindi wa Kentucky Derby wa mwaka 2006, alizinduka hivyo baada ya kuvunjika mguu kwenye mbio za Preakness mwezi Mei mwaka huo. Katika mabwawa ya aina nyingine, ambamo mwili unazama wenyewe bila boya, maji huminya kifua na tumbo kutoka kila upande. Oksijeni hushuka, na wengine wamepata maji mapafuni. Mguu umepona, mapafu yamelipa.

Niseme kidogo juu ya punda, maana najua walio wengi humu ukumbini watashika punda kumi kabla ya kushika farasi mmoja. Kuhasi punda Lamu, chini ya mwembe, kwa zailazini na ketamini, hakuhitaji chumba cha kuzindukia. Ni kazi ya dakika 15, amelala ubavu, yuko usawa wa bahari, na punda huimaliza ketamini mwilini upesi kuliko farasi. Hapo hesabu ya 88 iko upande wako. Kazi ikirefuka, mambo hubadilika, na hapo nina habari nzuri. Baada ya Uviko-19, hospitali nyingi za wilaya zilipata konsentreta, zile mashine zinazochuja oksijeni kutoka hewani. Ya kawaida hutoa lita 5 kwa dakika. Kwa farasi wa kilo 500 nimeshasema, ni chumvi ndani ya kisima. Kwa punda wa kilo 150, ukigawanya kwa uzito, mahitaji yake ni lita nne na nusu. Mashine iliyozeeka na kustaafishwa wodini, ikiwa bado inachuja na ukapata jenereta, inamtosha.

Mwenye kipimo cha oksijeni cha kubana ulimi akitumie, ila akihamishe kila mara, kwa kuwa kibanio huuminya ulimi mpaka damu ikakimbia na namba ikashuka bure. Asiye nacho atazame fizi, na aweke kiganja mbele ya pua. Kiganja hakihitaji betri.

Na mtungi. Mkubwa wa lita 6,800, kwa lita 15 kila dakika, unakwenda saa saba na nusu. Ule mdogo wa kubebeka, wa lita 680, unakwenda dakika 45, na farasi aliyelala saa mbili kwa isoflureni anaweza kuchukua saa nzima kusimama. Mara ya mwisho nilipotumia mdogo, sindano ya geji ilikuwa imegusa wekundu na farasi alikuwa bado ubavu, ulimi unaning'inia, sikio moja tu likicheza. Mhudumu wa zizi, mzee mmoja mtulivu, akaniuliza kama tumsukume. Nikamwambia, tungoje. Akapiga magoti kwenye godoro, akaweka kiganja puani, akawa ananihesabia pumzi kwa sauti ya chini kama anayehesabu embe: kumi na mbili, kumi na tatu. Ya kumi na nne farasi alikunja miguu, akalalia kifua, akapiga chafya iliyotulowesha sote wawili. Sindano ilikuwa kwenye sifuri. Nikafunga mtungi, na bomba nikaliacha mahali pake.